Fundi Anayetangulia

Huku Machakos hatupati tabu kumtambua fundi. Nenda Wamunyu, utawakuta wachongaji wameketi vivulini, tezo mkononi, vibanzi vya mti vimewafunika miguu. Kazi hiyo ililetwa na Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga kwa mafundi wa huko, kisha akarudi na ujuzi wake nyumbani. Leo twiga na vifaru wa Wamunyu wamejaa madukani, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Ulaya. Ukikishika kinyago cha fundi mzuri unaweza kukigeuza polepole na kuisoma kazi yake: hapa tezo iliingia kwa nguvu, hapa kisu kikafuata, hapa msasa ulipita na kurudi mpaka mkono ukaridhika.

Fundi ninayetaka kumsifu leo haachi kitu cha kushikwa. Kazi yake huanza usiku wa manane na kwisha kabla ya jua la utosini, na akiifanya sawasawa hakuna kinachobaki isipokuwa watu waliopanda mlima wakashuka wakiwa wazima. Wengi wao hurudi makwao wakisema, “Niliupanda.” Hawakosei. Lakini aliyewapandisha ni mwongoza njia, Mmaasai wa kijiji cha Engaresero, na mlima ni Ol Doinyo Lengai, volkeno hai iliyosimama kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Kutoka Machakos si mbali kama watu wanavyodhani. Unashika njia ya Kajiado hadi Namanga, unavuka mpaka, unapita Arusha na Makuyuni mpaka Mto wa Mbu, kisha unaacha lami na kuelekea kaskazini kwenye vumbi, ukipita Engaruka penye magofu ya mashamba ya kale yaliyomwagiliwa kwa mifereji ya mawe. Sisi tulioondoka Machakos tulikuwa wapanda milima wa mwisho wa juma. Miguu yetu ilizoea Iveti na Kiima Kimwe, Kilimambogo yenye mita 2,145 na nyati wake, na mara mojamoja Longonot. Nao mlima huu ulishajitambulisha huku Kenya kabla hatujaufikiria. Julai 2007 matetemeko yaliyoanzia karibu na Ziwa Natron yalitikisa majengo ya Nairobi, watu wakashuka ngazi mbio wakajaa barabarani. Mapema Septemba mwaka huo Lengai ulianza kurusha majivu angani, na milipuko ikaendelea hadi 2008.

Ni mlima usio na ndugu. Volkeno nyingi hutoa lava yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi za Selsiasi, nzito na nyekundu. Lava ya Lengai ni ya kaboneti za sodiamu na kalisi. Hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi machoni mwa mtu wakati wa mchana, na ni nyepesi mno, hukimbia kwenye vijito vyembamba. Ikipata unyevu wa hewa hugeuka rangi, na baada ya saa au siku chache huwa nyeupe, ndiyo maana mgeni akiutazama kwa mbali hudhani kileleni kuna theluji. Hakuna volkeno nyingine duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo katika zama zetu. Mwanajiolojia J. Barry Dawson aliitangaza kwa wataalamu wenzake mwaka 1962, na mojawapo ya madini yake liliitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wamaasai walikuwa wakiujua mlima huo muda mrefu kabla ya hapo, na hata leo hufika chini yake kumwomba Mungu mvua na watoto.

Nimetaja hayo kwa sababu ufundi haueleweki mpaka ujue fundi anafanyia kazi kitu gani. Sasa nirudi kwa fundi mwenyewe.

Alikuja kambini alasiri, saa nyingi kabla ya safari. Hakuanza na mlima, alianza na mzee wetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkubwa kwetu sote. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, kijana wangu. Hujambo?” Wakaulizana habari za nyumbani, mifugo na mvua, kwa utaratibu ambao sisi wa mjini Machakos tumeanza kuufupisha. Kisha akachuchumaa mbele ya mzee, akabonyeza ncha ya kiatu chake kwa kidole gumba.

“Kucha umekata, mzee?”

“Juzi.”

“Vizuri. Wakati wa kushuka kidole kinasukumwa mbele.”

Akaenda hivyo kiatu baada ya kiatu. Aliinua kila mkoba kwa mkono mmoja akaurudisha chini, na miwili aliomba ifunguliwe ipunguzwe mzigo. Maji hakuruhusu yapunguzwe, maana kwenye mlima huo hakuna chemchemi wala kijito. Alipotuuliza tumewahi kupanda wapi, kila mtu alitaja mlima wake na saa alizotumia kufika juu. Alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitayarishia jibu: “Kushuka mlitumia muda gani?”

Watu hudhani kazi ya kiongozi ni kuijua njia. Njia ya Lengai ukiielekezwa mchana utaiona kwa macho: inapanda moja kwa moja, kilomita chache tu, na ndani ya kilomita hizo unapanda karibu mita 2,000 hadi kilele kinachokaribia mita 2,960. Kuijua njia ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kuwajua watu wasiojijua, tena kwa muda wa alasiri moja, kisha kuwapimia gizani mwendo ambao kila mmoja ataweza kuumaliza.

Tuliondoka saa sita usiku. Huanza usiku kwa sababu ya joto la Bonde la Ufa: ubavu wa mlima hauna mti wa kukupa kivuli, na jua likishapanda majivu huakisi mwanga na kuchoma. Kabla ya hatua ya kwanza alitupanga. Vijana wenye nguvu, waliokuwa wamejiweka mbele, aliwapeleka nyuma. Mzee akamweka wa pili, mgongoni mwake kabisa. Msaidizi wake akashika mkia. Hakueleza sababu, na kwa nusu saa ya kwanza nilisikia vijana wakinong’ona kwamba mwendo ni wa konokono.

Mwendo wake nauona bado. Hatua yake ilikuwa fupi, na kilichonishangaza ni kwamba kasi ya miguu haikubadilika. Mlima ulipoinama kidogo alirefusha hatua. Uliposimama wima aliifupisha, lakini mapigo yalibaki yaleyale, mguu huu na mguu ule. Mpandaji wa kawaida hufanya kinyume: hung’ang’ania urefu wa hatua aliyoanza nayo, pumzi ikamkatika, akasimama, akaanza tena kwa nguvu, akasimama tena. Kufikia saa nane usiku wale walionong’ona walikuwa kimya, na kikundi kizima kilikuwa kikipumua kwa pamoja.

Alikuwa akizungumza na mzee njia nzima. Mara amwulize maembe ya Ukambani huvunwa mwezi gani. Mara amwulize wajukuu ni wangapi na wamesoma wapi. Nilidhani ni ukarimu tu, mpaka nilipoanza kufuatilia kilichokuwa kikitokea baada ya kila jibu. Mzee alipojibu kwa maneno mengi, mwendo uliendelea. Alipojibu kwa neno moja, mwendo ulipungua, au kiongozi alisimama “kufunga kiatu.” Viatu vyake vilikuwa katambuga za matairi, zile tunazoziita akala huku kwetu, na hazikuwa na kamba. Alikuwa akiipima pumzi ya mzee bila kumvunjia heshima kwa kumwuliza mbele za watu kama amechoka. Kati ya yote niliyoyaona usiku ule, hilo ndilo ninalolithamini kuliko mengine, kwa sababu ndani yake ujuzi na adabu vilikuwa kitu kimoja.

Mapumziko aliyapima vilevile. Yalikuwa mafupi na mengi, mara nyingi ya kusimama. Alituruhusu kuketi tu pale mgongo wa mlima ulipotukinga na upepo, kwa maana jasho likipoa mwilini miguu hukaza. Kila mara taa zilipojipanga tena aliziangalia kutoka mbele hadi nyuma, midomo ikicheza: alikuwa anahesabu.

Kwenye sehemu ya kati ya mlima nililazimika kuutazama mguu wake kwa jicho la nyumbani. Mtu aliyelelewa Machakos amelelewa kwenye mteremko. Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1930, nchi yetu iliandikwa kwenye ripoti za serikali kuwa inakufa kwa mmomonyoko. Wazee wetu, na hasa mama zetu katika vikundi vya mwethya, wakachimba matuta ya fanya juu, mtaro ukifuata usawa wa kilima na udongo ukirushwa upande wa juu, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ukaonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mtoto aliyetumwa kuchimba mitaro hiyo hukua akiuliza swali moja kila aonapo kilima: maji yalipita wapi? Kiongozi wetu alikuwa akiuliza swali hilohilo, kwa miguu, gizani.

Majivu ya 2007 na 2008 yaligandamana juu ya ubavu wa Lengai, na mvua zilizofuata zikayachimba kuwa makorongo. Kwa mgeni korongo ndiyo njia: lina kingo pande zote mbili, linamkinga na upepo, linampa moyo. Lakini sakafu ya korongo imesuguliwa na maji ikawa ngumu, na juu yake kuna changarawe laini inayoviringika chini ya soli. Mgongo ulio kando, ule unaotisha kwa sababu pande zote mbili ni utupu, una ngozi ya kukwaruza ambayo kiatu hushika. Yeye alikuwa akihama kati ya hivyo viwili. Mita chache korongoni, kisha mgongoni, kisha anavuka anarudi. Kila alipohama aligonga ardhi kwa fimbo, akaweka nusu ya uzito wake, akasubiri, ndipo akaweka mwili wote. Aliweka unyayo mzima, kamwe hakusimama kwa ncha za vidole. Sisi tulikanyaga alipokanyaga, na baada ya muda nikagundua kwamba alama zake zilikuwa zimekadiriwa kwa urefu wa mguu wa mzee, ambaye ni mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

Mawe nayo yana elimu yake. Penye mawe yaliyolegea alitusogeza tukaribiane sana, hata fimbo ya wa nyuma iguse kisigino cha wa mbele. Jiwe likingʼolewa na mguu wa mtu aliye hatua moja juu yako litakugonga bila kukuumiza sana. Likingʼolewa na aliye mita 30 juu litakuwa limeshapata mbio. Palipokuwa na ukuta wa kupita chini yake alitupitisha mmojammoja, wengine wakisubiri mahali salama pembeni. “Jiwe!” aliita mara moja tu usiku kucha, na sote tuliegemea ubavu wa mlima kabla hatujafikiri, kwa kuwa alikuwa ametufanyisha mazoezi hayo mapema kwenye majani ya chini.

Huko kati ndiko tulikompunguza mmoja wetu. Majibu ya mwenzetu huyo yalikuwa yamefupika, na kiongozi alishuka kutoka mbele akatembea naye kwa dakika kadhaa bila kusema kitu. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, “Dada, nguvu uliyobaki nayo ni ya kushuka. Tukiitumia kupandia, utashuka na nini?” Dada alikasirika. Alikuwa amejiandaa kwa miezi, na kilele tayari kilionekana kama kivuli mbele ya nyota. Kiongozi hakubishana naye wala hakumbembeleza. Alimpa msaidizi wake, akamrudishia maji yaliyokuwa yamebebwa na wengine, akangoja mpaka taa zao mbili zikashuka mbali, ndipo akatugeukia. Anayelipwa kukufikisha juu ana kila sababu ya kukuacha uendelee. Kukurudisha chini, akijua utamnung’unikia na labda utamsema vibaya kwa wengine, ni sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yake, na ndiyo inayomtenganisha fundi na mtu anayeijua njia tu.

Kileleni mazingira yalibadilika ghafla. Ardhi ilikuwa na joto, mvuke ulitoka kwenye nyufa, na harufu ya salfa iliingia kooni. Baada ya upepo wa usiku kila mtu alitamani kujilaza kwenye joto lile. Alitunyima. Alitafuta kwanza upepo unakotoka, akatuketisha upande huo, juu kidogo ya nyufa, maana gesi nzito hutulia mabondeni. Mwenzetu mmoja alisogea kuelekea ukingo wa kasoko ili apige picha, na hapo ndipo tulipomsikia akipaza sauti kwa mara ya pili. “Hapana, kaka! Hapo chini pana uwazi.” Kisha akagonga kwa fimbo, hatua mbili nyuma ya pale kaka aliposimama, tukasikia wenyewe: mlio wa kitu kilicho kitupu ndani. Akagonga tulipoketi, mlio ukawa mzito. Tukaendea ukingo mahali pengine, tukiwa tumelala kifudifudi, tukachungulia. Chini kabisa palikuwa na vichuguu vya lava iliyoganda, vyeupe, na kati yake michirizi myeusi iliyokuwa bado mipya.

Nyeusi ni mpya, ya kijivu na kahawia ni ya juzi, nyeupe ni ya zamani na huvunjika. Wazee wa kazi hii walizisoma rangi hizo kwa namna ambayo vijana wa leo hawawezi tena kuzisoma, kwa sababu walitembea juu yake. Kwa miaka mingi kabla ya 2007 kasoko lilikuwa likijaa lava kidogokidogo, mpaka mwishoni mwa 1998 ikafurika ukingoni na kuanza kushuka ubavuni. Wakati huo kiongozi aliwapitisha wageni juu ya sakafu yenyewe, kati ya vichuguu vinavyotema, na uhai wao ulikuwa kwenye jicho lake: je, ganda hili limeiva au chini yake bado kuna moto? Milipuko ya 2007 ikayafagia yote hayo. Sakafu ikatoweka, pakabaki shimo refu lenye kuta za kuporomoka, na mapito ya zamani yakafunikwa na majivu. Mchongaji wa Wamunyu akiacha gogo jioni atalikuta asubuhi lilivyokuwa. Viongozi hawa ujuzi wao wa miaka mingi ulibatilishwa kwa msimu mmoja, wakaanza upya kujifunza mlima waliozaliwa chini yake: korongo jipya liko wapi, mgongo upi umebaki, ukingo upi unakula kwa ndani. Waliujifunza. Kiongozi wetu ni mwanafunzi wa mlima huo mpya, akifundishwa na watu walioujua ule wa zamani.

Jua lilichomoza upande wa Kilimanjaro. Tuliona Gelai na Kitumbeine, na Ziwa Natron lenye magadi ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Magharibi, zaidi ya ukuta wa Bonde la Ufa, ni nyanda za Serengeti, ambazo nyasi zake fupi hustawi kwenye majivu yaliyorushwa na volkeno za huku. Ni mandhari makubwa, na wengine wameyaeleza vizuri. Mimi nilikuwa nikimtazama kiongozi. Hakuwa akiangalia mandhari. Alikuwa akiangalia magoti yetu.

Kushuka ndiko kulikomdai ufundi wote. Miguu imechoka, jua linachoma, moyo umesharidhika, na kile ambacho usiku kilifichwa na giza sasa kinaonekana: mteremko wa nyuzi karibu 45, na mtu akiteleza hakuna cha kumshika. Mpangilio akaugeuza. Sasa yeye alikuwa chini, mzee juu yake, na sisi tukifuata. Penye ukali wa kadiri alitushusha kwa ubavu, mguu wa chini ukitangulia, fimbo upande wa juu. Penye ukali zaidi alimgeuza mzee auelekee mlima, akamshusha kinyumenyume, akiushika mguu wake kwa mkono na kuuweka mahali pake. Na palipokosekana mahali pa kuuweka, alikita mguu wake mwenyewe kwenye majivu na kuufanya ngazi, mzee akakanyaga juu ya unyayo wa kijana, kisha kijana akashuka na kuukita tena. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema neno. Mzee, ambaye kwa desturi hapendi kushikwa mkono hata akivuka barabara ya Machakos mjini, aliukubali msaada huo bila haya kwa sababu ulitolewa bila majivuno.

Baadaye, tukiwa kivulini Engaresero, nilimwuliza alijifunzaje. Alisema alianza utotoni kwa kuchunga mbuzi kwenye miteremko ya chini, ambako mchungaji hujua ardhi ipi inabeba na ipi inamomonyoka. Kisha akabeba mizigo ya wageni. Kisha akawekwa mkiani. “Nyuma ndiko shule ilipo,” alisema. “Wa mbele anaona mlima. Wa nyuma anaona miguu ya kila mtu, anajua nani ataanguka kabla hajaanguka.” Aliniomba nisiandike jina lake, nami nimelihifadhi.

Sina nia ya kumfanya mjuzi wa yote. Anaijua ngozi ya mlima. Kilicho chini ya ngozi hakuna anayekiona. Wenzake wa Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, nao waliwapandisha wageni hadi ukingo wa ziwa la lava, juu ya mji wa Goma. Mlima huo ulipasuka mwaka 1977, ukapasuka tena 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava ikashuka tena jioni kuelekea mjini, bila onyo la kutosha hata kwa wanasayansi wenye mitambo. Kiongozi mzuri huulizia habari za matetemeko, husikiliza wachungaji waliolala karibu na mlima, na ardhi ikinguruma haendi. Kwa Lengai hilo si jambo la kubuni, mlima umelipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007.

Tulipelekwa pia kuziona nyayo. Karibu na ziwa, kwenye tope la majivu lililoganda likawa mwamba, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, za maelfu ya miaka iliyopita. Wanasayansi waliozichunguza wanaamini kwamba watu 17 kati ya waliozikanyaga walikuwa wakitembea pamoja kwa mwendo mmoja, wengi wao wanawake. Mzee wetu alikaa hapo muda mrefu akiulinganisha urefu wa hatua zao na wake.

Sisi Wakamba tuna sababu yetu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Katika karne ya kumi na tisa misafara mingi kati ya pwani na bara iliongozwa na watu wetu. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf, na kutoka huko, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang’anyi karibu na Mto Tana akiwa safarini na Krapf huyohuyo. Watoto wetu shuleni hukariri jina la Krapf. La Kivoi wengi hawalijui, na yale ya watu waliowabebea maji hayakuandikwa popote. Sioni kwa nini tuwafanyie viongozi wa leo hivyo hivyo, tukiwa na uwezo wa kuwatendea haki wangali hai.

Kwa hiyo nawaomba wapanda milima wenzangu wa Machakos, na wote mnaopanga safari ya Lengai. Msiende bila kiongozi wa Engaresero, hata kama mna ramani kwenye simu. Kabla ya kulipia safari, ulizeni kiongozi atapata kiasi gani katika fedha hizo na atalipwa na nani, na jibu lisipotoka wazi tafuteni mwingine wa kumlipa. Kikundi kikiwa kikubwa, gharamieni viongozi wawili au watatu, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasiachwe gizani. Bakshishi mpeni mkononi mwake, tena mpeni yuleyule hata kama aliwarudisha kabla ya kilele. Akiwaambia mgeuke, geukeni saa hiyohiyo.